Chumvi ya Mlima Granlia

Matokeo ya mbio za kupokezana za wanawake niliyasoma mimi, kwenye kipaza sauti, mbele ya watu ambao hawakutaka kuyasikia. Uswidi wa kwanza. Ufini wa pili. Ujerumani wa tatu. Norwei wa nne. Mtangazaji wa uwanja haruhusiwi kuongeza neno lake, na mimi sikuongeza. Watu wamekuja na bendera, soseji na chupa za kahawa, wamesimama kwenye theluji tangu asubuhi, halafu unawaambia wa nne. Kwetu hilo ni neno la msibani. Kuna nchi ambazo mtu wao akiwa wa nne duniani kwenye skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, wangempokea uwanja wa ndege kwa matarumbeta. Sisi tunaulizana nani afukuzwe kazi.

Safari hii jibu halikuchelewa. Alikuwa shemeji yangu.

Eilif Haugstad amemuoa dada yangu, Gudveig, na kwenye mashindano haya ya dunia, yaliyofanyika hapa kijijini kwetu Granlia, yeye ndiye alikuwa mkuu wa njia. Yaani mitaro miwili ambamo skii zinapita, wa kulia na wa kushoto, mshindani akichagua mmoja, tangu uwanjani hadi msituni na kurudi, ilikuwa mikononi mwake. Hakulipwa, kama ambavyo hakulipwa mtu yeyote. Kazi ya mashindano kwetu ni msaragambo; hata mchungaji wa kanisa alikuwa akibeba vibao vya njia. Lakini msaragambo wa Eilif ulikuwa mzito kuliko wa wengine, kwa sababu yeye ndiye aliyeamua juu ya chumvi. Theluji ikilowa na kulainika, unaimwagia chumvi, nayo inakaza kwa saa chache ikawa ngumu kama sakafu. Mshindani aliyepaka nta ya theluji laini chini ya skii zake akifika kwenye theluji ya chumvi, amekwisha. Skii hazishiki. Akipanda hatua moja anarudi nusu.

Sasa Eilif ni mtu wa haki kiasi cha kuudhi. Ukicheza naye karata ukashika vibaya, anafumba macho na kukwambia, "Zinaonekana." Nimecheza naye karata miaka yote hii na sijawahi kufurahia kumshinda.

Mwanawe wa pekee ni Jorunn, ambaye mimi ni mjomba wake. Umri wake ni miaka thelathini na mitatu, na maisha yake yote ya skii amekuwa wa tano. Wa tano Norwei angekuwa malkia katika nchi nyingine, lakini mbio za kupokezana zinachukua watu wanne. Kila mwaka alisafiri na timu, akapasha misuli pamoja na wenzake, halafu akasimama pembeni akiwashikia makoti. Mwaka huu mmoja wao alistaafu, na Jorunn akapewa zamu, tena zamu ya mwisho, kwenye mlima ambao alijifunzia kusimama. Alikwisha kusema kwamba baada ya hapa anatundika skii zake. Alitaka medali moja ya kupokezana, basi, hakutaka kingine.

Asubuhi ya mbio theluji mbichi ilianguka, nzito, ya kunata. Kwenye hema la mikutano kila timu ilituma mtu wake, na Eilif akatangaza: mlima mkubwa utamwagiwa chumvi tangu chini hadi kileleni, na kuanzia hapo hakuna anayeruhusiwa kuujaribu. Waswidi wakaandika. Wafini wakaandika. Kiti chenye bendera yetu kilikuwa kitupu.

Kilikuwa kitupu kwa sababu ya Ottar, mkuu wa wapaka nta wetu, naye ni mzaliwa wa hapahapa. Wiki nzima alikuwa akitamba kantini. "Mlima huo mimi nimezaliwa chini yake," alisema huku akitafuna. "Mtu aje aniambie habari za theluji yangu? Kwenye mkutano? Mnipe na kalamu nichore?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Asubuhi hiyo Ottar na vijana wake walikuwa mlimani mapema, wakajaribu skii, wakapata nta nzuri mno ya theluji ile laini, wakarudi kibandani kwao kifua mbele. Mkutano waliuacha upite.

Mimi sikuwa hemani. Yaliyotokea humo niliyajua baadaye. Nilichokiona kwa macho yangu ni hiki: nilikuwa nateremka kuchukua kahawa, nikamkuta Eilif pembeni mwa njia, ana reki mkononi na fulana ya njano ya mkuu wa njia. Jorunn alikuwa anapita na namba yake kifuani. Akasimama.

"Baba, mlima ukoje leo?"

"Mkutano umekwisha," Eilif akasema. "Waulize watu wenu."

"Si nakuuliza wewe?"

"Waulize watu wenu, Jorunn."

Jorunn akanigeukia akicheka. "Mjomba, mwone huyu. Nikizama mtoni ataniambia nikapange foleni." Halafu akampigia baba yake saluti na kwenda zake. Eilif alibaki akikwaruza theluji mahali ambapo hapakuwa na haja ya kukwaruza. Nikadhani ni Eilif wa siku zote.

Saa ya mbio ilipokaribia, Ottar aliwaona Waswidi wakipaka ile nta ya tyubu inayonata kama asali, ya njia ngumu. Nilimsikia mwenyewe, maana kibanda chao kipo chini ya dirisha langu la utangazaji. "Waswidi wamechanganyikiwa! Njooni muone! Leo tunawazika!" Vijana wake wakatoka kutazama na kupigana vikumbo kwa kicheko.

Mbio zenyewe sitazirefusha. Dada wa kwanza wa timu yetu aliingia mlimani akiwa mbele kabisa, na katikati ya mlima skii zikaanza kumrudisha. Kelele za watu zikakatika. Si watu wa kuzomea sisi. Tunanyamaza tu, na kunyamaza kwetu kunatisha zaidi. Alimaliza wa sita. Wa pili na wa tatu walihangaika hivyohivyo. Jorunn alipopokea tulikuwa wa tano, na mlima ule aliupanda wote ametanua miguu kama bata, nje ya mitaro, kwa nguvu za mikono, hadi akampita Mmarekani mmoja. Wa nne. Alipovuka mstari alianguka kifudifudi, na wenzake wakaja kumwinua. Kisha mimi nikasoma matokeo.

Waandishi wa habari waliupata mkasa wa kiti kitupu kabla ya jioni. Mfini mmoja aliwaeleza, kwa roho safi kabisa, tena akituonea huruma. Kijiji kikawaka. Ottar alilaumiwa, ndiyo, lakini Ottar alikuwa na kinywa, akajitetea kwa kila kamera. Swali likamgeukia Eilif. Yeye alikuwa pale. Yeye alikiona kiti. Kutoka hemani hadi kwenye kibanda cha timu yetu ni mwendo wa kumaliza andazi moja. Kwa nini hakwenda?

Dada yangu ndiye aliyejibu. Alikuwa kwenye meza yake akiuza chapati za viazi zilizopakwa siagi na sukari, ndio msaragambo wake, na kila aliyekuja kununua akaambiwa. "Amesahau jamani. Mtu halali wiki nzima. Umri nao. Amesahau tu." Alilisema kwa waandishi, kwa mchungaji, kwa mama mzazi wa Ottar. Watu wakalipokea, kwa sababu mtu aliyesahau unaweza kuendelea kuishi naye jirani. Jioni ile Eilif alikuwa mzee wa watu aliyechoka, na wengine walianza hata kumpa pole.

Nilikuwa mezani kwao Jorunn alipokuja. Alikuwa bado na suti ya timu, uso umevimba kwa baridi na kilio. Gudveig akamwekea samaki na viazi vya kuchemsha. Hakuvigusa.

"Baba," akasema, "Mama anasema ulisahau."

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Gudveig alimkazia mumewe macho, na mimi pia, na nakiri kwamba moyoni nilikuwa namsihi: sema ndiyo, Eilif, maisha yako yote umesema kweli, leo pumzika. Eilif alikuwa anakata jibini ya kahawia kwa ajili ya mkate. Alikata kipande, akakilaza sahanini.

"Sikusahau."

"Eilif!" dada yangu akasema.

"Kiti chenu nilikiona. Nilikitazama mkutano mzima."

Jorunn akavua kofia. "Hukuja kutuambia."

"Wangekosa Wafaransa, nisingewafuata Wafaransa. Nikiwafuata wa nyumbani nisiwafuate Wafaransa, mimi si mkuu wa njia. Mimi ni mtu wa timu aliyevaa fulana ya njano."

"Sawa," Jorunn akasema. Nilishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Hilo nalielewa. Ottar ni mjinga, nitamwambia mwenyewe. Lakini mimi nilikuja. Nilisimama mbele yako nikakuuliza mlima ukoje. Ulijua naulizia nini?"

"Nilijua."

"Angekuja Mfaransa akasimama pale pale, akakuuliza vilevile, ungemwambia nini?"

Eilif akakisukuma kando kile kipande cha jibini. Nilimtazama akiitafuta njia. Hapakuwa na njia. Kanuni ni kwamba mshindani yeyote akiuliza hali ya njia, anajibiwa. Kama mtu aliijua hiyo, ni yeye.

"Ningemjibu," akasema.

"Ungemwambia chumvi."

"Ningemwambia chumvi, tangu chini hadi juu."

"Basi mimi ni chini ya Mfaransa." Akasimama na kuvaa kofia yake. "Ningependa uwe umesahau, Baba. Kweli kabisa."

Alitoka. Gudveig alimfuata hadi barazani, wakaongea, gari la timu likaondoka. Aliporudi hakumgombeza mumewe. Alichukua sahani ya samaki, akammwagia paka, na katika nyumba ile hilo ni tusi kubwa. Eilif alibaki ameshika kisu cha jibini. Nilimwonea huruma na nilitamani kumpiga, yote mawili kwa pamoja.

Asubuhi alikwenda kwa majaji kujishtaki. Msinicheke, ndivyo alivyo. Mkuu wa majaji, mzee mmoja wa Austria, alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba taarifa ilitolewa kwa wote mkutanoni, matokeo hayabadiliki, na hakuna kosa la kuandika. Eilif akamwambia kosa lipo. Mwaustria akasema halipo. Wakabishana hivyo mpaka Mwaustria akamtaka atoke aende kunywa kahawa. Eilif akavua fulana ya njano, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akatoka. Msaidizi wake akashika njia kwa siku zilizobaki.

Mbio za mwisho za wanawake zilikuwa kilomita thelathini, wote wakianza kwa pamoja. Ottar alihudhuria mkutano wa asubuhi yeye mwenyewe na vijana wake watatu, wakakaa safu ya mbele, wote na kalamu. Chumvi ilimwagwa tena. Nta yetu safari hii ilikuwa sawa. Lakini jua lilitoka kali, na hilo halikuwa kwenye mkutano.

Kutoka kibandani kwangu nina skrini zinazoonyesha njia nzima. Nilimwona Eilif mlimani katikati ya watazamaji, amevaa koti lake la kawaida la kulimia. Watu walikuwa wamemwachia nafasi pande zote mbili, nafasi ya kutosha kupitisha toroli. Alisimama hapo mizunguko yote bila kufungua mdomo, akiitazama theluji, siyo washindani. Pembeni yake watu walikuwa wakikimbia sambamba na washindani kama ilivyo desturi yetu, wakipuliza baragumu, wakipiga kelele za sekunde ngapi mbele na ngapi nyuma.

Mzunguko wa mwisho kundi la mbele lilibaki na watu wanne: Mswidi, Mfini, Jorunn, na nyuma yao kidogo msichana wa Uswisi aliyekuwa anaonekana kuchoka. Wakaingia mlimani. Wote walikuwa mtaro wa kulia, ambao ndio ulikuwa mzuri siku nzima. Na hapo nikamwona shemeji yangu akianza kukimbia.

Mtu wa miaka sitini na mitano, na buti za mpira, kwenye theluji ya kufika magotini. Alikimbia kando ya Jorunn akipunga mkono wa kushoto kama anafukuza ng'ombe. Kamera ilimsogelea, na maikrofoni ya mlimani ikamnasa, nami nikamsikia masikioni mwangu.

"Kushoto! Jorunn! Hamia kushoto! Kulia jua limekula chumvi! Kushoto kuna kivuli, bado kugumu! Kushoto, mwanangu!"

Jorunn alihamia kushoto bila kugeuza kichwa. Skii zake zikashika. Mswidi na Mfini walikwisha kumzidi hatua kadhaa, na sasa akaanza kuzila hatua hizo moja moja. Watu wakalipuka. Nilizima kipaza sauti changu kwa muda kwa sababu nilikuwa nakaribia kuvunja masharti ya kazi.

Eilif hakufuatana naye hadi juu. Pumzi zilimwishia, akainama, mikono magotini. Kisha akainua kichwa, akamwona yule msichana wa Uswisi anakuja kwenye mtaro wa kulia, skii zinamrudisha. Naye akanyoosha mkono.

"Kushoto! Dada! Huku, huku! Kushoto!"

Lugha hawakuelewana, lakini mkono unaeleweka. Mswisi akahamia kushoto. Baada yake akaja Mjerumani, naye akaambiwa. Wakaja Wafaransa wawili, wakaambiwa. Eilif alisimama pale akimwambia kila aliyepita, na sauti ikimkauka, hadi aliyekuwa wa mwisho kabisa, ambaye hakuna kitu duniani kingemsaidia.

Mswisi aliyekuwa anaonekana kuchoka hakuwa amechoka. Alimpita Jorunn mita chache kabla ya mstari. Nikawasha kipaza sauti, nikasoma. Uswidi wa kwanza, Ufini wa pili, Uswisi wa tatu. Wa nne, Jorunn Haugstad, Norwei.

Niliposhuka niliwakuta kwenye meza ya chapati. Dada yangu alikuwa amemweka mumewe kona, mwiko mkononi, na hakujali nani anasikia.

"Umemwambia Mswisi! Mwanao hajafika hata juu, wewe unamwambia Mswisi! Shetani gani kakutuma? Ungekohoa tu! Ungefunga kamba za viatu!"

Eilif hakuweza kujibu hata kama angetaka. Sauti ilikuwa imekwisha, ilitoka kama hewa ya pampu mbovu.

Jorunn akaja akivuta miguu, skii begani, jasho limemgandia kwenye nyusi. Gudveig akamgeukia. "Umesikia alichokifanya baba yako?"

"Nimesikia. Nilikuwa palepale."

"Amewaambia wote! Mpaka wa mwisho!"

"Najua, Mama." Alisimika skii zake kwenye theluji na kuvua glavu. "Lakini mimi aliniambia kwanza."

"Kwanza! Amekuambia kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyetangulia kupita!"

"Sikutangulia mimi," Jorunn akasema. "Mswidi alipita kabla yangu. Na Mfini. Walipita mbele ya pua yake, wakiwa kulia vilevile, naye akanyamaza kimya."

Tukamgeukia Eilif, sote watatu. Alikuwa amekuwa mwekundu tangu shingoni hadi kwenye masikio, kama mtu aliyekutwa na mkono ndani ya mfuko wa mwenzake. Hakukana. Alitazama pembeni, kule Waswidi walikokuwa wakiimba, kisha akatazama chini.

Jorunn akamsogelea, akamfunga vifungo vya koti.